Kambi Ikibaki Tupu: Kahawa, Kibra na Ardhi Iliyoachwa na Jeshi

Waingereza walipoondoka Kenya hawakubeba nyumba. Vikosi vyao vya mwisho vilitoka Desemba 1964, mwaka mmoja baada ya bendera yetu kupandishwa, vikaacha nyuma mabweni, majiko, maghala, matangi ya maji, viwanja vya gwaride na ekari kwa ekari za ardhi iliyozungushiwa seng'enge. Pale Kahawa, kando ya barabara ya Thika, waliacha kambi nzima iliyoitwa Templer Barracks, kwa jina la jenerali wao Gerald Templer. Mwaka 1965 kambi hiyo ikakabidhiwa serikali ya Kenya, nayo serikali ikaigeuza kuwa chuo.

Kama umesoma Chuo Kikuu cha Kenyatta (KU), basi umelala, umekula na umefanya mitihani katika ardhi ya kambi. Mimi nilisomea ualimu hapo, na leo nafundisha historia katika shule moja ya sekondari upande wa Eastlands. Kila nikifika kwenye mada ya uhuru huwaeleza wanafunzi habari ya Kahawa, maana vitabu vyetu vinasimulia vizuri jinsi bendera ilivyobadilishwa lakini vinasema machache sana kuhusu majengo yaliyobaki. Muhula uliopita msichana mmoja wa kidato cha tatu akainua mkono akauliza, "Mwalimu, kambi ikifungwa inakuwa ya nani?"

Nilimjibu kuwa inakuwa ya umma, na kisheria ndivyo ilivyo. Ila kengele ilikuwa imeshalia, na swali lile lilistahili zaidi ya sentensi moja. Nairobi yenyewe imelijibu kwa njia zinazopingana kabisa, na wanafunzi wangu wanaishi ndani ya majibu hayo: wengine wana kaka na dada KU, wengine wana shangazi Kibra, na wengi wao viatu vyao vya ngozi vimenunuliwa Kariokor.

Kambi ya jeshi ni mji uliokamilika. Lazima iwe na maji yake, umeme, mabomba ya maji taka, barabara, jiko linaloweza kulisha mamia kwa mara moja, zahanati, karakana, ghala, uwanja wa mpira na mahali pa ibada. Imepangwa kwa ajili ya vijana wanaoamka pamoja, wanaokula pamoja na kulala pamoja. Ukiwatoa wanajeshi ukaingiza wanafunzi, sehemu kubwa ya kazi imeshafanyika. Mesi inabaki mesi. Bweni linabaki bweni. Zahanati inahitaji daktari tu. Kinachopungua ni maktaba, maabara na kumbi za mihadhara, na hivyo vinaweza kujengwa polepole huku masomo yakiendelea.

Nchi nayo haikuwa na muda wa kusubiri. Sekondari zilikuwa chache, na walimu wengi waliofundisha humo walikuwa wageni ambao mikataba yao ingekwisha na wangerudi kwao. Kujenga chuo kipya tangu msingi kungechukua miaka, ilhali Kahawa tayari palikuwa na paa. Kenyatta College ikaanza ikiwa na sehemu mbili, moja ya masomo ya sekondari na nyingine ya kufunza walimu. Mwaka 1970 sheria ya bunge ikakifanya chuo tanzu cha Chuo Kikuu cha Nairobi, mwaka 1972 wakaingia wanafunzi wa kwanza wa shahada ya ualimu, mwaka 1978 kitivo cha elimu kikahamishiwa hapo kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1985 kikawa chuo kikuu kamili. Hesabu mwenyewe ni walimu wangapi waliowahi kukufundisha ambao walipitia pale. Mimi nikianza kuwahesabu wa kwangu, wa msingi na wa sekondari, nakuta karibu nusu ya utoto wangu ulilelewa na ile kambi.

Mjomba wangu alisomea ualimu pale miaka ya sabini. Nilipomuuliza alikumbuka nini zaidi, nilidhani atataja wahadhiri wake au marafiki. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, babu yako alichapwa na polisi wa mkoloni kwa kukosa kipande, kile kitambulisho cha wakati huo. Mimi mwanawe nikaja kulala katika chumba cha mwanajeshi wa mkoloni, na kitabu kifuani. Uhuru mimi niliuelewa siku ile niliyopewa ufunguo."

Naamini kilichoiokoa Kahawa zaidi ya kitu kingine chochote ni kasi. Aliyetoka na aliyeingia karibu wapishane langoni. Jengo tupu halidumu Nairobi. Mwezi wa kwanza nyaya zinang'olewa, wa pili milango, wa tatu mabati, na mwaka ukiisha anatokea mtu na karatasi mkononi akidai shamba ni lake tangu zamani. Wanaokumbuka miaka ya themanini na tisini wanajua viwanja vingapi vya shule, makaburi, vyoo vya umma na akiba za barabara vilipotea namna hiyo. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u ilitoa ripoti yake mwaka 2004 kuhusu ugavi haramu wa ardhi ya umma, na ukiisoma unaona mtindo ule ule ukijirudia ukurasa baada ya ukurasa: ardhi ya umma ikikaa bila mwenye kuitumia na bila hati, kuna mkubwa atakayeandikiwa barua ya kuimiliki. Kahawa haikupata nafasi ya kukaa hivyo. Wanyakuzi walipoanza kutembea mjini, pale palishakuwa na wanafunzi, na hakuna ulinzi wa ardhi ya umma unaoshinda umma wenyewe kuwamo ndani.

Sasa nivuke jiji mpaka Kibra, ambako nitakaa zaidi, kwa kuwa ndiko mambo yalikoharibika.

Wanubi walikuwa askari wenye asili ya Sudan walioingizwa katika majeshi ya Waingereza Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19. Baadaye wakawa nguzo ya King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya. Walipigana vita vya Mwingereza kwa miongo. Kuanzia mwaka 1904 walipewa sehemu ya msitu kusini magharibi mwa Nairobi, ndiyo hiyo Kibra, wakae na familia zao, na mwaka 1918 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, ekari 4,197. Wengi hawakupewa pensheni. Walipewa mahali pa kukaa, na kibali kilichojulikana kama shamba pass. Mazoezi ya kulenga shabaha yalifanyika huko huko, na wazee wa Kibra hueleza kuwa mtaa wa Laini Saba ulipata jina lake kutoka kwenye safu za shabaha hizo.

Mwaka 1928 jeshi likaacha kusimamia Kibra, usimamizi ukaenda kwa serikali ya kiraia. Hapo ndipo kambi ilipokoma kuwa kambi. Hapo ndipo swali la mwanafunzi wangu lilipopaswa kujibiwa kwa maandishi, kwa muhuri, kwa jina la kila familia. Badala yake serikali ya kikoloni ikawahesabu wale askari wastaafu kama wapangaji tu katika ardhi ya Mfalme, watu wanaoweza kuondolewa wakati wowote. Hawakuruhusiwa kujenga nyumba za kudumu. Mabomba hayakupelekwa, barabara hazikupelekwa, kwa hoja kwamba mahali penyewe si pa kudumu. Uhuru ulipokuja, ardhi ya Mfalme ikawa ardhi ya serikali, na Wanubi wakabaki pale pale waliposimama. Vipande vikaendelea kukatwa: hapa uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, kule mitaa ya nyumba za kisasa upande wa Langata, na kilichobaki kikajaa watu waliokuja mjini kutafuta kazi wakakosa pengine pa kulala.

Nina rafiki wa Makina, mtaa mmoja wa Kibra, na siku moja alinipeleka kwao kumjulia hali nyanya yake. Tulipokwisha kuamkiana, bi mkubwa akaniuliza nafundisha nini, nikamwambia historia. Akacheka kwa upole, kisha akasema, "Basi waandikie watoto hivi, mwalimu. Babangu alipewa bunduki na karatasi. Bunduki waliichukua alipostaafu. Karatasi tukaiweka ndani ya sanduku, na kila ofisi tuliyoipeleka walituambia haina kazi." Hakulia wala hakupandisha sauti. Alikuwa ameshayasema maneno hayo mbele ya watu wengi kabla yangu, kwa miaka mingi kuliko umri wangu.

Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Kenya imevunja haki za Wanubi, ikiwemo haki yao ya ardhi. Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta akawakabidhi hatimiliki ya pamoja ya ekari 288. Nilifurahi siku ile, na bado nafurahi, kwa sababu hati ni hati. Lakini kati ya ekari 4,197 na ekari 288, kilichopatikana hakifiki ekari moja kwa kila kumi na nne. Na kutoka mwaka 1904 hadi mwaka 2017 ni zaidi ya karne. Yule askari wa kwanza aliyefyeka kichaka akajenga nyumba ya udongo pale, hati yake imepokewa na vilembwe.

Ziweke hizi kambi mbili pamoja uone. Zote zilianzishwa na jeshi lile lile la himaya ile ile, katika jiji lile lile. Kahawa ilijengwa mwishoni mwa enzi ya ukoloni kwa ajili ya wanajeshi Waingereza, hivyo ilitandaziwa mabomba kabla ya mtu kuhamia. Kibra ilikuwa ya askari Waafrika, ikaachiwa mto. Kahawa ilipotoka jeshini ilikuwa na mrithi anayetajwa kwa jina. Kibra ilipotoka jeshini ilikuwa na wenyewe ndani yake, wanawake na watoto na miti ya maembe, na bado ikaandikwa kama mahali pasipo na mtu. Watu hupenda kusema Kibra ilikosa mipango. Mimi naona ilikosa hati, na mipango ikakataa kuja bila hati. Nani angezika bomba la maji taka chini ya nyumba ambayo serikali inasema kesho itaibomoa?

Kariokor nitapapitia kwa haraka, ingawa moyo unanituma nikae. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, pale ndipo palipokuwa kambi ya wapagazi, Carrier Corps, vijana waliochukuliwa vijijini kubeba risasi, chakula na majeruhi kwa mabega yao kuelekea Tanganyika. Kumbukumbu rasmi zinahesabu zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi kwa ugonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam ina asili hiyo hiyo. Vita vilipokwisha, kambi ya Nairobi ikawa makazi ya wafanyakazi wa mji, kisha mtaa na soko. Leo unakwenda pale kununua viatu vya ngozi, viondo na shanga, na ukiwa na njaa unakata nyama choma.

Soko ni matumizi mema. Wapagazi wenyewe, kama wangerudi, naamini wangefurahi kukuta wajukuu wao wakiuza na kununua mahali walipokuwa wakipangwa mistari kama mizigo. Kinachoniuma ni kwamba nikipeleka wanafunzi pale, lazima mimi niwasimulie kila kitu kwa mdomo. Sanamu ya ukumbusho iko Kenyatta Avenue, katikati ya jiji, ambako wapagazi hawakulala. Mahali walipolala, walipougulia, walipoitwa majina yao kwa mara ya mwisho kabla ya safari, mwanafunzi anasimama kati ya vibanda asijue amesimama wapi. Kuipa kambi kazi mpya bila kumbukumbu ni kuwapokonya wafu kitu kidogo sana tulichobaki nacho cha kuwapa.

Pwani wamelifanya hili vizuri zaidi yetu. Fort Jesus ya Mombasa ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ikapiganiwa na kila aliyetaka kutawala bahari hii, Waingereza wakaifanya gereza, na tangu 1960 ni makumbusho. Ngome ya Lamu nayo ilikuwa gereza mpaka miaka ya themanini, na sasa ina maonyesho na maktaba, na baraza lake la mbele ndipo mji unapokutana. Mtoto wa Lamu anaweza kukaa akasoma kitabu ndani ya kuta zilizowahi kufunga watu. Ng'ambo ya maji, Ngome Kongwe ya Unguja inapigwa ngoma na kuonyeshwa filamu. Ngome ni za mawe ya kale, kwa hiyo watu huziona urithi haraka. Kambi za karne ya 20, zenye kuta za kawaida na paa za bati, hakuna anayeziona urithi, na ndizo zinazobomolewa kwanza.

Nje ya Afrika kuna mambo ya kujifunza pia. Freiburg, Ujerumani, wanajeshi wa Ufaransa waliondoka katika kambi ya Vauban mwaka 1992. Vijana wasio na nyumba wakaingia katika baadhi ya mabweni, wakadai wauziwe na wayakarabati wenyewe, wakapewa manne. Mengine yakawa makazi ya wanafunzi, na sehemu iliyobaki ikapangwa na wananchi pamoja na baraza la mji ikawa mtaa wa watu wapatao 5,000, wenye treni ya umeme na magari machache mno. Miti mikubwa ya enzi ya jeshi haikukatwa. Huko Ljubljana, Slovenia, wasanii na vikundi vya vijana waliingia katika kambi ya Metelkova mwaka 1993 ilipoanza kubomolewa, wakakataa kutoka, na gereza la kijeshi la pale sasa ni nyumba ya wageni. Halafu iko London: mwaka 2007 serikali iliuza Chelsea Barracks kwa pauni milioni 959, kambi ikabomolewa, yakajengwa makazi ya matajiri. Hazina ilipata fedha zake. Wakazi wa kawaida walipata ua mwingine.

Naileta London kwa makusudi, kwa sababu ndilo jibu litakalopendekezwa Nairobi siku itakapofika. Ardhi ya jeshi katika jiji letu imekaa mahali ambapo bei ya ekari moja inaweza kulewesha. Wapo watakaosema tuuze, tupate fedha, tujenge shule na hospitali kwingine. Mimi sikubali, na sababu yangu ni rahisi: fedha za kuuza ardhi hutumika mara moja, tena gizani, na ardhi ya umma ndani ya jiji hairudi. Kama Kahawa ingeuzwa mwaka 1965, tungekuwa tumepata bajeti ya mwaka mmoja na kukosa walimu wa nusu karne.

Kuna jambo ambalo wapangaji wa miji hulitaja kwa kunong'ona nami nataka lisemwe waziwazi, nalo ni uchafu ambao jeshi huacha. Kambi ina mafuta yaliyomwagika kwenye udongo wa karakana, risasi za madini ya risasi zilizofukiwa katika viwanja vya shabaha, na majengo ya zamani huwa na paa za asbesto ambazo vumbi lake huua mapafu taratibu. Viwanja vya mazoezi ni hatari zaidi. Huko Samburu na Laikipia, wachungaji na watoto wao waliuawa na kukatwa viungo na mabomu yaliyobaki ardhini baada ya mazoezi ya kijeshi, na mwaka 2002 serikali ya Uingereza ikakubali kuwalipa fidia ya pauni milioni 4.5 watu 233. Mtoto anayeokota chuma kinachong'aa hajui maana ya mkataba wa ushirikiano wa kijeshi. Kwa hiyo kabla ya chuo, kabla ya nyumba, kabla hata ya uwanja wa mpira, udongo upimwe na anayeondoka agharamie usafi. Hilo liandikwe katika hati ya makabidhiano.

Turudi Kahawa, maana hata jibu zuri lina doa. Kambi hujengwa ili kumzuia jirani, na chuo kilirithi ua pamoja na mabweni. Miaka yangu pale nilijua njia zote za ndani lakini sikumjua mtu hata mmoja wa Kamae, kijiji kilicho kando kabisa ya chuo, ambacho wakazi wake wameishi kwa miaka mingi bila hatimiliki. Mwaka 2022 serikali ilipotaka kumega sehemu ya ardhi ya chuo, nyingine kwa miradi ya afya na nyingine kwa wakazi wa Kamae, uongozi wa chuo ulipinga hadharani na nchi nzima ikaingia katika mvutano. Wahitimu wenzangu wengi walisimama na chuo bila kusita. Mimi nilielewa hofu yao, kwa sababu ardhi ya umma ikishaanza kumegwa haijulikani itaishia wapi. Lakini niliwaelewa watu wa Kamae vile vile. Wanaomba kile kile nyanya wa Makina alichokiomba, na mtu hawezi kulia machozi kwa Kibra kisha akaona Kamae ni wavamizi.

Naamini suluhu ya mambo kama hayo hupatikana mwanzoni au haipatikani kabisa. Siku kambi inapokabidhiwa, ndiyo siku ya kuorodhesha wanaoishi pembezoni mwake: wapishi, wafuaji nguo, mama mboga wa langoni, vibarua, wajane wa askari. Watu hawa ndio waliokuwa wakiihudumia kambi. Wapimiwe mahali pao, wapewe hati, kisha kinachobaki kifungwe kwa sheria kisiguswe. Ukiacha miaka hamsini ipite, kila upande unakuwa na haki na kila upande unaogopa.

Sheria za kufanya haya tunazo. Katiba ya 2010 inaeleza ardhi ya umma ni ipi, na imeunda Tume ya Kitaifa ya Ardhi kuisimamia. Sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inaruhusu jengo litangazwe mnara wa kihistoria, hata kama ni bweni la matofali lisilo na sura. Ushirikishwaji wa umma ni takwa la katiba. Kinachokosekana ni mazoea ya kuuliza mapema, kabla ya lori la kwanza la kuhamisha vitanda kufika.

Ndiyo maana darasani kwangu tulirudi kwenye swali la yule msichana kwa mfano wa mahali tunapopaona kila siku. Kambi ya anga ya Eastleigh ilifunguliwa na Waingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwa miaka kadhaa ndege za abiria wa Nairobi zilitua hapo, mpaka uwanja wa Embakasi ulipofunguliwa mwaka 1958. Bado ni kambi ya jeshi letu la anga, na sisemi ihame. Lakini jiji limeizunguka pande zote, na Eastleigh ni mojawapo ya mahali penye biashara nzito na watu waliobanana kuliko sehemu nyingi za Kenya. Miji hubadilika, na mipango ya kijeshi pia. Niliwaambia wanafunzi: tuseme wajukuu wenu wanaambiwa kambi hii inafungwa, mngewaachia maagizo gani?

Kijana mmoja wa Mathare alitaka hospitali ya akina mama, akaeleza kwa nini, na darasa zima likanyamaza kumsikiliza. Wengine walitaka chuo cha ufundi wa ndege, kwa hoja kwamba maghala ya ndege yapo tayari na kujenga mapya ni ghali. Mvulana anayeishi Section Three alisema nyumba, lakini za kupangisha kwa bei ya mwalimu na muuguzi, zisizouzwa milele. Mwenzake akamuuliza nani atahakikisha haziuzwi, na hapo mjadala ukawa mkali hasa, kuhusu hati iandikwe kwa jina la nani, kaunti au serikali kuu au amana ya wakazi. Yule msichana aliyeanzisha yote aliandika ubaoni neno moja: majirani. Alitaka orodha yao iwe ukurasa wa kwanza wa faili.

Mimi ningewaunga mkono wote, ila kama ningeulizwa pa kuanzia ningesema uwanja. Watoto wa Eastleigh na Mathare wanacheza kati ya matatu na mitaro. Hospitali inahitaji bajeti, chuo kinahitaji walimu, nyumba zinahitaji miaka ya michoro na mabishano ya haki. Uwanja wa gwaride, udongo ukishapimwa ukaonekana ni salama, unahitaji tu lango lifunguliwe asubuhi na mtu wa kuligongea kengele jioni. Ukishajaa watoto, hakuna atakayethubutu kuja na karatasi yake kudai ni shamba la babu yake.